Vitoto vya samaki mwatiko vinakufa siku ya nne

SWALI: Asalaam alaykum. Mie niko Wete, Pemba, tunajaribu kutotoa mwatiko kwenye matangi, mayai yanaanguliwa vizuri tu lakini ikifika siku ya nne vinakufa vyote, chakula nasaga laini kama poda, nakosea wapi jamani?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, pole sana, najua inavouma kuamka asubuhi ukakuta tangi zima kimya. Unga ndo kosa. Kitoto kikianguliwa kinakula kiini cha yai kilichobaki tumboni, siku ya pili au ya tatu kiini kinaisha na mdomo ndo kwanza unafunguka, tena mdogo ajabu, na kitu kisichocheza mbele ya macho yake hakioni kama chakula, unga unazama tu unaozesha maji. Anza na rotifa, vijidudu vya majini wengi wao hata robo milimita hawafiki, weka kama 10 hadi 20 kwa kila mililita, na maji yawe na ukijani wa mwani mdogo sana unaoelea majini ili rotifa nao wale. Chota kwenye glasi uielekeze kwenye taa, utaona vidoti vyeupe vinazungukazunguka, hao ndo wenyewe, vikipungua ongeza usingoje kesho. Artemia, yaani vijikamba vidogo vya maji chumvi, subiri kwanza, wakubwa mno kwa mdomo ule, wape baadae, na artemia wakianguliwa vilishe vitoto siku hiyohiyo maana wakikaa lishe yao inapungua. Maganda ya mayai yao yachuje, yasiingie tangini.