Maswali ya Wasomaji: Impreza ya Kilomita 210,000, Nianze Wapi?

SWALI: Wahariri, salaam. Nimenunua Subaru Impreza WRX ya 2003, lita 2 yenye turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), gia za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 210,000 na aliyeniuzia hana karatasi hata moja ya sevisi. Inavuta vizuri, ila mbele inagonga nikipita kwenye matuta, na usukani hutetemeka nikifunga breki. Mwaka huu nina uwezo wa kazi mbili au tatu kubwa. Nilipania kuanza na ekzosi kubwa na kupandisha presha ya turbo. Mnasemaje?

JIBU: Ekzosi isubiri, ndugu msomaji. Anza na siku moja ya vipimo, kisha mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni.

Vipimo kwanza, kwa sababu hakuna maana ya kufunga mkanda mpya kwenye injini iliyokwisha. Fundi atoe plagi zote nne (ukizingatia usumbufu wa kuzifikia kwenye injini hii, weka mpya hapo hapo) apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, kuna tatizo. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena haiaminiki hapa, kwani silinda za Subaru zimelala na oili hutuama upande mmoja wa pistoni. Omba kipimo cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inakotokea: ikivuma kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi, kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni, viputo vikionekana kwenye maji ya radieta, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

Injini ikifaulu, nenda kwenye mkanda. Breki huanza kulia na boljointi hugonga, lakini mkanda wa taimingi hukatika kimya, na kwenye injini hii ukikatika au kuruka meno, valvu hugongana na pistoni. Muda wa kawaida wa kuubadilisha ni kilomita 100,000. Lako limepita 200,000, na kwa kuwa hakuna karatasi, chukulia kwamba haujawahi kuguswa. Usinunue mkanda peke yake. Tensiona (kikaza mkanda), puli zote na pampu ya maji viende pamoja, kwani pampu huzungushwa na mkanda huo huo, na beringi ya puli ikikwama inaumaliza mkanda mpya sawasawa na wa zamani.

Kosa linalorudiwa gereji nyingi ni la alama za kupangia mkanda. Puli ya krenki (shafti kuu ya injini) ina mshale, na fundi asiyeizoea Subaru huufuata. Mshale si alama ya taimingi. Alama ni kistari kidogo kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa puli hiyo. Vilevile kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za upande wa kushoto hukaa zikiwa zimebanwa na springi za valvu, zikiachiwa zinafyatuka, na kuzizungusha ovyo kunaweza kupinda valvu. Tensiona irudishwe ndani polepole kwa jiliwa ikiwa wima, ifungwe kwa pini nyembamba, na pini itolewe mwisho kabisa. Kabla ya kuwasha, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, usilazimishe.

Maji yatakuwa yamemwagwa, hivyo badilisha pia themostati na mipira iliyovimba au kupasuka. Magari haya ya turbo huwa na vifuniko viwili, cha radieta na cha tenki dogo la juu ya injini. Havifanani nguvu, visibadilishane nafasi. Jaza kupitia tenki la juu, taratibu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo huchemsha injini siku ya pili.

Kazi ya pili ni breki na mbele. Mlio ule wa kugonga mara nyingi ni wa linki za stebilaiza (fimbo fupi zinazoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), ambazo ni rahisi kubadilisha; zitikise kwa mkono gari likiwa chini. Kisha nyanyua gurudumu: likicheza ukilishika juu na chini, angalia beringi na boljointi, likicheza kushoto na kulia, angalia tairodi, fimbo za usukani. Mtetemo wa breki ni diski. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huchorwa kwenye diski yenyewe, na kabla ya kufunga mpya safisha kutu yote kwenye habu, la sivyo mtetemo utarudi baada ya wiki chache. Mafuta ya breki yawe mapya, ya daraja la DOT 4.

Hapa ndipo pa kuboresha gari: pale kifaa kinapokuwa kimekufa tayari. Shoko zimekwisha? Funga bora kuliko za mwanzo. Lakini springi fupi juu ya shoko zilizochoka ni kuharibu gari. Presha ya turbo iache hadi injini ikae miezi kadhaa bila kupunguza oili. Pistoni za kiwandani hazivumilii mlipuko wa mapema. Hupasuka kati ya ringi moja na nyingine, na kubadilisha mipangilio ya kompyuta ya injini kwa kukisia ndiyo njia fupi ya kufika huko.

SWALI: Subaru yangu ya turbo hugonga asubuhi. Nimeshauriwa niweke oili nzito. Ni sawa?

JIBU: Inategemea mlio huo wa kugonga unaelekea wapi. Ukififia dakika mbili tatu injini inapopata moto, ni pistoni kulegea ndani ya silinda, na unaweza kuishi nao. Ukizidi kadiri injini inavyopata moto na kufuata mizunguko, ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki): zima, ita gari la kuvuta. Oili nzito itauficha mlio huo tu. Kinachoua beringi hizi mara nyingi ni oili kupungua bila mtu kujua, kwa hiyo pima kwa kijiti kila unapojaza mafuta mara ya pili, gari likiwa sehemu tambarare.

SWALI: Tairi mbili za nyuma zimebaki kipara, za mbele ni nusu. Nibadilishe mbili tu?

JIBU: Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, hapana. Mzingo wa tairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 kati ya moja na nyingine. Ukizidi hapo, kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa nyoofu, kinapata moto, kinaungua. Dalili yake ni gari kujikaza na kuruka ukikata kona kali polepole. Zungushia futi ya fundi cherehani kila tairi, usiamini namba za pembeni pekee. Na ukinunua, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya 2016.

SWALI: Vipi kuhusu ile valvu ya turbo inayopuliza nje?

JIBU: Sauti ni tamu. Ila hewa inayopulizwa nje imeshapimwa na sensa na kuhesabiwa na kompyuta ya injini. Ukiitoa nje, mafuta yake bado yanaingia, na injini inakohoa kila unapoachia mafuta kubadilisha gia. Rudisha ya kiwandani.