Timu unayopewa ina wenyewe

Mdogo wangu, ukikabidhiwa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kwa mara ya kwanza utataka kubadilisha kila kitu ndani ya wiki moja. Nakuambia hivi kwa sababu nilifanya hivyo. Timu yangu ya kwanza niliikuta na mwalimu wake wa zamani akiwa bado anakuja jioni kukaa jukwaani na kutazama mazoezi. Nilimpungia mkono tu, basi. Nikafuta mifumo yake yote, nikapanga upya kikosi, nikamvua unahodha kijana ambaye wenzake walimsikiliza. Tulifungwa mechi sita mfululizo, na siku zote hizo sikujua kwamba mlinzi wangu bora alikuwa na goti linalomsumbua kwa mwaka wa pili. Yule mzee alijua. Sikumwuliza.

Baada ya msimu ule nilianza kusoma habari za Chuo Kikuu cha Kansas, kule Lawrence, Marekani. Nilivutwa na jambo moja: kimecheza kikapu tangu karne ya 19, na makocha wakuu ambao chuo chenyewe kinawahesabu ni wanane tu. Vyuo vingine humaliza wanane ndani ya miaka 30. Nilitaka kujua watu wanane wanapokezanaje kitu kimoja kwa muda mrefu namna hiyo bila kukivunja.

Anza na wa kwanza, James Naismith, maana kwake kuna jambo ambalo walimu wapya hulipita haraka. Huyu ndiye aliyebuni mchezo wenyewe. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, alitundika vikapu viwili vya kubebea pichi ukumbini na kuandika kanuni 13. Alifika Kansas mwaka 1898 kusimamia mazoezi ya viungo na ibada za wanafunzi. Mechi ya kwanza ya timu yake, tarehe 3 Februari 1899, walifungwa 16 kwa 5 na YMCA, chama cha vijana Wakristo, ya Kansas City. Alipoacha ukocha mwaka 1907 alikuwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60. Kati ya wale wanane, ni yeye peke yake aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Ukiishia kwenye takwimu hizo utasema alishindwa kazi. Lakini fuatilia waliopita mikononi mwake. Forrest Allen, ambaye watu walimwita Phog, alicheza chini yake. Na mwaka 1933 alifika Lawrence kijana mweusi, John McLendon. Wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo wakati huo, kwa hiyo McLendon hakuvaa jezi ya Kansas hata siku moja. Naismith, aliyekuwa ameshaacha ukocha miaka mingi, alimpokea kama mwanafunzi wake na kumfundisha mchezo kuanzia misingi. McLendon alihitimu mwaka 1936, akaenda North Carolina kufundisha chuo cha watu weusi mjini Durham, akawajenga vijana wake kwa mbio: ukiupata mpira, unaondoka. Mwezi Machi 1944 alipanga mechi ya siri, milango imefungwa, dhidi ya timu ya wanafunzi weupe wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo ambalo ubaguzi ulikataza watu wa rangi hizo mbili kucheza pamoja. Vijana wake walishinda 88 kwa 44. Baadaye, akiwa Tennessee A&I, alichukua ubingwa wa taifa wa NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo, miaka mitatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959.

Mimi humrudia McLendon kila nikiwa na mchezaji ambaye sheria, ada au wazazi wamemzuia kucheza. Huyo naye ni wa kwako. Mwite mazoezini, mpe kazi ya kuandika matokeo, mweleze kwa nini umebadilisha ulinzi dakika ya 30. Huenda ndiye mwalimu wa kesho.

Baada ya Naismith alikuja Allen kwa misimu miwili, kisha W. O. Hamilton kwa miaka 10, kisha Allen akarudi mwaka 1919 na kukaa hadi 1956. Inasimuliwa kwamba Naismith alimwambia Allen kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Allen hakukubali, na maisha yake yote yakawa jibu. Alishinda mechi 590 akiwa Kansas na ubingwa wa taifa wa 1952. Mwaka 1927 aliwaunganisha makocha wenzake kuanzisha chama chao, baada ya wakubwa wa kanuni kutaka kuondoa kudunda mpira. Alipigania kikapu kiingie kwenye Olimpiki, na kilipoingia Berlin mwaka 1936, Naismith mwenyewe alikuwepo kurusha mpira wa kwanza. Tazama hapo: mwanafunzi alimpinga mwalimu wake katika jambo la msingi kabisa, halafu akahakikisha mwalimu huyo anaheshimiwa mbele ya dunia. Unaweza kutupa mfumo wa mtu na bado ukamtunza mtu.

Sasa nataka ukae na Dick Harp, kwa sababu uwezekano mkubwa ni kwamba utakuwa yeye.

Mwaka 1956 Allen alikuwa amefikisha miaka 70, na sheria ya kustaafu ikamtoa. Aliomba aendelee, hakukubaliwa. Jambo liliuma zaidi kwa sababu alikuwa amefanikiwa kumleta Lawrence kijana mrefu kutoka Philadelphia, Wilt Chamberlain, ambaye kwa kanuni za wakati ule hakuruhusiwa kucheza timu kubwa mwaka wake wa kwanza. Timu, Chamberlain na matumaini yote vikamwangukia Harp, msaidizi wa Allen, tena ndani ya ukumbi uliofunguliwa mwaka mmoja tu kabla na kupewa jina la bosi wake. Msimu wake wa kwanza alifika fainali ya taifa dhidi ya North Carolina. Walicheza muda wa ziada mara tatu. Kansas ilifungwa 54 kwa 53.

Pointi moja. Chamberlain aliondoka baada ya msimu uliofuata, na Harp akaachia ngazi mwaka 1964. Mimi sioni alichokosea. Alipewa urithi ambao watu walikuwa wameshauhesabia makombe kabla mpira haujarushwa. Ukipokea timu baada ya mwalimu mkubwa, waambie viongozi mapema, ikiwezekana kwa maandishi, msimu huu utapimwa kwa nini. Usiposema wewe, watapima kwa kumbukumbu zao, na kumbukumbu hazina mechi za kufungwa.

Ted Owens alifuata na kukaa miaka 19. Aliifikisha timu hatua ya nne bora mwaka 1971 na 1974, akaondolewa mwaka 1983 baada ya misimu miwili mibaya. Larry Brown naye alikaa mitano tu. Mwaka 1988 timu yake iliyokuwa imeshapoteza mechi 11 ilichukua ubingwa, Danny Manning akifunga pointi 31 na kudaka ribaundi (mipira iliyokosa kikapu) 18 dhidi ya Oklahoma. Brown akaondoka kwenda San Antonio kufundisha wa kulipwa. Nyuma yake ikaja adhabu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa makosa ya kuvutia wachezaji, na mabingwa wakazuiwa kuingia mashindano ya 1989 kutetea kombe lao.

Aliyekuta mzigo huo ni Roy Williams, ambaye hadi wakati huo hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Alikuwa msaidizi wa Dean Smith kule North Carolina. Na Dean Smith ni nani? Alikuwa mchezaji wa Allen katika kikosi cha 1952. Larry Brown naye alichezea North Carolina chini ya Smith. Ukiwapanga hivi unapata silsila, kama ile ya masheikh wa pwani wanaotajwa nani alisoma kwa nani: Naismith, Allen, Smith, Williams. Chuo kilipokwama hakikumtafuta mtu mwenye jina. Kilimtafuta mtu wa nasaba. Williams alishinda mechi 418 katika miaka 15, akafika nne bora mara nne, ubingwa asiupate hapo.

Bill Self, aliyeingia mwaka 2003, aliwahi kuwa msaidizi mdogo wa Brown pale pale Kansas, msimu wa 1985–86. Mwaka 2005 alitolewa raundi ya kwanza na Bucknell, 2006 tena raundi ya kwanza na Bradley. Ingekuwa kwetu angefukuzwa. Walimwacha. Mwaka 2008 akachukua ubingwa dhidi ya Memphis, Mario Chalmers akisawazisha kwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1. Mwaka 2022 akachukua tena, dhidi ya North Carolina, baada ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma 40 kwa 25. Lakini hata yeye, mwaka 2023 chuo kilifutiwa ushindi wa mechi 15 za msimu wa 2017–18 pamoja na ile nne bora ya 2018, kwa sababu ya mchezaji ambaye hakustahili kuchezeshwa. Kwa hiyo faili la usajili wa wachezaji lisome mwenyewe, karatasi moja moja, kabla hujagusa mpira. Usimwachie katibu.

Yule mzee wangu nilimwendea msimu wa pili. Nilibeba kilo mbili za sukari, kama inavyostahili kwa mtu mzima, nikaomba radhi. Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na kaunta buku lililoachia gamba, akaniwekea mapajani. Lilikuwa na jina la kila kijana: anakaa wapi, anapanda magari mangapi kufika mazoezini, amewahi kuumia nini, nani asipomwona mama yake uwanjani hucheza vibaya. Kwenye ukurasa wa yule kijana niliyemvua unahodha alikuwa ameandika mstari mmoja, kwamba ndiye anayewapa wenzake nauli. Kesho yake jioni nilimrudishia kitambaa chake mbele ya timu nzima, na mzee alikuwa jukwaani.