Ukibadili pasipoti Guangzhou, jiandae kuanza upya

Swali la wiki hii linasema: "Wewe unayeishi nje ya nchi, ni kitu gani kidogo ambacho kikibadilika tu maisha yako hapo yanasimama?" Najua wengi watajibu kazi, wengine kibali, wa kule kwenye baridi watasema hita. Mi niko Guangzhou, China, nashughulika na mizigo ya watu, na jibu langu ni namba ya pasipoti. Sio pasipoti yenyewe, namba.

Iko hivi. Mchina ana namba ya kitambulisho yenye tarakimu 18, ndani yake kuna namba za eneo alikoandikishwa na tarehe yake ya kuzaliwa, na hiyo anaishi nayo mpaka anakufa. Kadi ikiisha muda anapewa kadi nyingine ila namba inabaki ile ile, sawasawa na namba ya NIDA yetu Tanzania ambayo hata ukipoteza kadi leo zile tarakimu 20 haziendi popote. Sasa mji mzima umejengwa juu ya namba isiyobadilika. Benki, laini ya simu, treni, hospitali, makumbusho, mkataba wa nyumba, vyote. Mgeni hana namba hiyo, kwahiyo pale panapotakiwa tarakimu 18 sisi tunajaza namba ya pasipoti, na pasipoti jamani ina mwisho. Kwa wafanyabiashara mwisho unakuja mapema zaidi maana kurasa zinajaa viza na mihuri kabla hata miaka haijafika nusu, nawajua watu wa Kariakoo wanaobadilisha pasipoti kama wanavyobadilisha simu.

Na ukishapata mpya, namba ni mpya. Kwa macho ya mfumo wewe ni mtu mwingine aliyeshuka airport jana.

Nikuelezeni yaliyonikuta mimi ilipofika zamu yangu. Kwanza polisi, maana kibali cha kukaa kimebandikwa ndani ya pasipoti ya zamani na sheria inakupa siku 10 tu kuomba kibadilishwe. Kabla ya hapo unatakiwa uwe na karatasi ya kujiandikisha makazi, ile ambayo mgeni yeyote asiyelala hotelini anatakiwa aifuate polisi ndani ya saa 24 tangu aingie kwenye nyumba, nayo ina namba ya zamani, kwahiyo nayo irudiwe. Kwa hiyo nikamtafuta mama mwenye nyumba, mama wa Kikanton wa makamo anayetembea na sendo na bunda la funguo kiunoni, ana vyumba vingi kuliko anavyokumbuka, akanitazama vizuri kisha akauliza kwani umehama? Nikamwambia sijahama mama, nimebadili kitabu tu. Akacheka, tukaenda. Polisi hawakuwa na shida kabisa, niseme ukweli, yule kijana wa dirishani alinipigia kopi mwenyewe.

Kasheshe ilikuwa kwenye simu na benki. Hapa ukitaka kulipa kwa WeChat au Alipay (zile app za simu za kulipia) ukiwa mkazi, akaunti yako ya malipo inaangalia kadi ya benki, kadi ya benki inaangalia namba ya simu, na namba ya simu imesajiliwa kwa pasipoti, na vyote lazima visome jina moja na namba moja. Ukigusa kimoja vingine vinaanza kulalamika. Benki (siitaji) wakasema nenda kabadilishe kwenye laini kwanza ndio uje. Watu wa laini wakasema sawa, tukuone na pasipoti ya zamani na mpya, tukupige picha ya uso, wakabadilisha. Narudi benki, dada wa kaunta kaweka pasipoti zangu mbili mezani pembeni kwa pembeni, moja imekatwa kona, akaniuliza nitajuaje kama hawa ni mtu mmoja? Jina lile lile, tarehe ya kuzaliwa ile ile, sura ile ile labda nimenenepa kidogo. Akasema majina yanafanana, watu wanafanana. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa mwingine, wote wapole sana, nikaletewa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi (hapa maji ni ya moto hata kama nje ni nyuzi 36, hilo zoea tu) na mwisho wakataka barua kwamba mwenye pasipoti A na mwenye pasipoti B ni mtu huyo huyo. Barua ikapatikana. Lakini siku zote hizo hela yangu iko ndani na mi siwezi kuitoa kwa simu, na duka la chini hapo nyumbani halijaona noti siku nyingi kiasi kwamba nilipotoa yuan 100 ya karatasi muuzaji aliigeuza juu chini akaanza kutafuta chenji kwa majirani.

Halafu kuna jina. Sisi wenye majina matatu tunajua. Fomu zao zina kisanduku kidogo kilichotengenezwa kwa jina la herufi mbili tatu za Kichina, mi jina langu lote kwa herufi kubwa ni treni. Benki wameandika bila nafasi kati ya majina, laini wameandika na nafasi, hospitali wamekata katikati. Kwa binadamu ni mtu yule yule, kwa kompyuta ni watu watatu. Mwenzangu wa ofisini, yeye ni Mchina, hakuwahi kujua kama tatizo la namna hii lipo duniani, aliponisindikiza benki alirudi na kichwa kinamuuma kuliko mimi.

Safari ndio usiseme. Tiketi za treni ya mwendokasi hapa sio karatasi tena, tangu mwaka 2020 hivi karibu nchi nzima ni namba yako tu. Mchina anagusisha kitambulisho geti linafunguka, mgeni anatafuta mlango wa pembeni wenye mhudumu amuonyeshe pasipoti, ingawa siku hizi stesheni zingine kubwa zina mashine inayoisoma. Basi kama ulikata tiketi kwa namba ya zamani halafu unakwenda na kitabu kipya, safari yako ni ya mtu ambaye hayupo. Unarudisha unakata upya, kama bado nafasi zipo, na karibu na mwaka mpya wao hazipo. Uzuri ni kwamba ikienda sawa hakuna usafiri mtamu kama ule. Guangzhou mpaka Beijing ni kama kilomita 2,300, unaondoka asubuhi na jioni uko kule, mwendo wa saa 8 hivi kwa zile za haraka, Shenzhen yenyewe ni nusu saa na ushee, hujamaliza hata supu yako. Ukifika Beijing ukitaka kuingia yale majumba ya wafalme lazima uwe umeshajiandikisha kabla, kwa nini? Namba ya pasipoti.

Hoteli nazo. Zamani, hasa miji midogo na zile za bei rahisi, mtu alikuwa anakuangalia anasema hatupokei wageni wa nje, sio ubaya, wengine walikuwa hawajui tu jinsi ya kuingiza pasipoti kwenye mfumo wa polisi. Mwaka 2024 serikali ikatoa agizo hoteli zisikatae wageni. Hali imekuwa nafuu, ingawa ukienda Yiwu, ule mji wa soko la jumla, na mteja aliyekuja kununua vitu vidogovidogo bado ni vizuri upige simu kabla, usije ukafika saa 5 usiku na mabegi ya sampuli mkaanza kuzunguka.

Na kuna kipindi namba hii ilikuwa inaamua kama unaingia dukani au huingii. Miaka ya korona ulikuwa na msimbo wa afya (health code) kwenye simu, wa kijani unapita, bila kijani unakaa nje, na msimbo ulikuwa unafuata kitambulisho. Aprili 2020 hapa Guangzhou Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na kukataliwa hotelini, hilo dunia nzima ililiona, wala namba haikusaidia mtu siku zile, walikuwa wanaangalia sura. Silirudii sana. Ulazima wa kuonyesha msimbo ukaondolewa mwishoni mwa 2022 na Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, ikaanza kujaa tena, si kama zamani, lakini unapita pale karibu na daraja la juu unasikia Kiswahili cha Kariakoo, cha Mombasa, na cha Lubumbashi kinachochanganya Kifaransa, watu wanagombania bei ya CBM (mita ya ujazo ya mzigo).

Ila kuna sehemu hawana habari na namba zako. Ijumaa ukitoka kuswali msikiti wa Xianxian, ule wenye kaburi ambalo Waislamu wa hapa wanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, nje panakuwa na gulio la nyama, mikate, tende, sambusa, wauzaji wengi ni Wahui na Wauighur, Waislamu wa China, na kila mtu anakuita rafiki. Metro pia, safari fupi yuan 2, wanakagua begi lako tu. Na wale wa kuleta vifurushi nawapenda, wao wanachotaka ni tarakimu nne za mwisho za namba ya simu, unazitaja unachukua mzigo wako unaenda, hana haja ya kujua babu yako aliitwa nani. Ningekuwa na uwezo ningewapa hao wa vifurushi waendeshe benki.

Siwasemi Wachina vibaya, mfumo wao ukikukubali unakubeba kweli. Nimelipa umeme nikiwa kwenye treni, nimepata daktari bila foleni, nimekata tiketi nikiwa kitandani. Tatizo waliujenga kwa ajili ya mtu asiyebadilika namba, sisi tukaongezwa baadaye.

Kwahiyo mnaokuja maonyesho ya biashara ya Canton hapa Guangzhou mwezi wa 10, angalieni tarehe ya mwisho ya pasipoti na kurasa zilizobaki kabla hamjafungua chochote. Kama inakaribia, badilisheni huko huko nyumbani kwanza, ndio mjisajili kwenye maonyesho, ndio mwunganishe kadi yenu ya benki ya Visa na Alipay (tangu 2023 kadi za nje zinakubali vizuri, malipo yakizidi yuan 200 kwa mara moja wanakata asilimia 3, kwahiyo chakula ni bure ya makato ila mzigo usilipe huko). Na kama viza yako ya China bado hai lakini imo kwenye pasipoti ya zamani, unaweza kuingia kwa zote mbili ilimradi jina, jinsia, uraia na tarehe ya kuzaliwa havijabadilika. Zishike zote mkononi, ya zamani isije ikaenda chini na begi la mizigo, maana wa uhamiaji ataiomba wewe bado hujaufikia mkanda wa mabegi.