Kabla hujalaumu msimbo, shika mita

Roboti ya kwanza niliyokabidhiwa kazini ilikuwa inajizima kila ikianza kupanda mteremko. Siku nne nikapekua msimbo mstari kwa mstari. Siku ya tano fundi wa umeme alinionea huruma, akagusisha ncha ya oskiloskopu (kifaa kinachochora mabadiliko ya volti kwenye kioo) kwenye njia ya umeme ya volti 3.3, akaniambia niendeshe mota. Mstari kwenye kioo ukadidimia ghafla, ukapanda tena, yote ndani ya milisekunde chache. Mota inayoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko iliyokwisha kushika kasi. Betri ikalemewa, maikrokontrola, yaani chipu inayoendesha roboti, ikawaka upya. Msimbo haukuwa na kosa (kwa hilo tu, mengine yalikuwepo).

Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya chipu muda wote. Maikrokontrola nyingi zina rejista (kihifadhi kidogo cha data ndani ya chipu) inayotunza sababu ya kuwaka upya: umeme ulishuka, kitufe kilibonyezwa, au saa ya ulinzi iliona programu imekwama. Siku hizi kila programu yangu huanza kwa kuandika sababu hiyo kwenye kumbukumbu. Anza hivyo na wewe.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kinajiwasha upya kikiwa Mirihi. Ndani ya programu yake, kazi ya kipaumbele cha chini ilishika kufuli (kinachozuia kazi nyingine kutumia kitu hichohicho kwa wakati mmoja), ya juu ikabaki inaisubiri, na za kati zikaendelea kujipitia, hadi mfumo ukaona kazi ya juu imechelewa na kujiwasha upya. Wahandisi waliweza kuiona hali hiyo kwenye mfano uliobaki duniani kwa sababu hawakuwa wameondoa zana za kufuatilia matukio ndani ya programu.

Kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, tabia hiyohiyo ya kupima ndiyo itakayokubeba. Kiraka changu cha kwanza, yaani rekebisho la msimbo nililotuma, kilirudishwa mara mbili. Nilikuwa nimeandika "rekebisha hitilafu", basi. Mtunzaji wa mradi akauliza: hitilafu gani, inaonekanaje, umepimaje? Kilichokubaliwa mwishowe kilikuwa na mistari miwili ya msimbo na kumi na mmoja ya maelezo.

Kama bado unaogopa kutuma chako, jaribu viraka vya wenzako kwenye bodi ya saketi uliyo nayo mezani, kisha waandikie ulichokiona, hata kama kimegoma. Mara nyingi mtunzaji hana bodi hiyo.