Mtoto wa miaka minne kukosa subira: anza na ahadi zenu za nyumbani

Dada, umeeleza kwamba mwanao wa miaka minne akinyimwa kitu anajitupa chini na kupiga kelele, mwalimu wake anasema hana subira, na ndugu wanakushauri umchape. Mimi ni mwalimu wa chekechea kwa miaka mingi na nina watoto wangu, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Umri kwanza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Mwanao hakudharau. Hasira zikimzidi anahitaji mkubwa aliyetulia karibu yake, maana utulivu wa kwake peke yake bado hautoshi.

Sasa hilo la subira. Bila shaka umewahi kusikia jaribio alilolianzisha mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitamu kimoja mezani, anaambiwa akingoja hadi mkubwa arudi atapata viwili. Watu wamelitumia sana kuwatisha wazazi, kana kwamba asiyengoja ameshaharibikiwa maisha. Mwaka 2018 watafiti walilirudia kwa watoto zaidi ya 900, na walipozingatia hali ya familia na malezi, uhusiano kati ya kungoja na mafanikio ya baadaye ulipungua sana.

Linalonigusa zaidi ni jaribio jingine la namna hiyo, la mwaka 2013, la mtafiti Celeste Kidd na wenzake. Kabla ya kuwawekea watoto kitamu, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Baadhi yao waliletewa kweli, wengine wakaambiwa havipo. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, kama dakika 3. Na mimi nawaelewa kabisa hao wa dakika 3. Ukishaona mkubwa hatimizi anachosema, unangoja nini?

Niliwahi kuwa na mtoto darasani aliyekuwa akificha kalamu za rangi ndani ya shati. Ukimwomba moja, anang'ata. Mama yake alinieleza kwamba nyumbani wako wengi, na anayechelewa hukosa. Nikaanza kumwambia, "Mwenzako akimaliza ua hili, zamu yako," na zamu ikifika nampa hapo hapo, hata kama kuna mwingine analia. Siku za mwanzo hakuniamini. Baadaye akawa anasimama kando yangu, ameshika upindo wa gauni langu, akijisemea kwa sauti ya chini, "Bado... bado... bado..." macho yote kwenye lile ua. Mtoto anayejisemea hivyo usimnyamazishe, ndivyo anavyojizuia.

Kwa hiyo angalieni ahadi zenu. Mama anasema "narudi sasa hivi" kisha anarudi usiku. Baba anasema hapana, mtoto akizidisha kilio anapewa, basi amejifunza kwamba kilio ndiyo njia. Halafu kuna hili la kumtoroka mtoto akiwa amezama kwenye mchezo, ili asilie ukiondoka. Tafadhali acheni. Muage, alie kidogo, na urudi muda uliomwambia.

Akijitupa chini, kaa karibu, punguza sauti, mtajie anachohisi: "Umekasirika kwa sababu nimekataa." Kukataa kubaki palepale. Maelezo marefu yasubiri atulie. Wakubwa wa nyumba nao, mkigombana mbele yake, apate kuwaona mkipatana pia.

Kuhusu kuchapa, siungi mkono. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, uliokusanya tafiti za watoto zaidi ya 160,000, uliona kuchapwa kunaambatana na ukorofi na matatizo ya tabia zaidi. Darasani pia naona hivyo: anayechapwa nyumbani, mara nyingi anawapiga wadogo zake.

Kama anajiumiza, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kwa daktari wa watoto bila kungoja.

Naomba utuambie: analala saa ngapi, mchana anashinda na nani, na vurugu huanza zaidi wakati gani? Mwalimu muulize hilohilo la wakati. Watoto wengi huchachamaa wakiwa na njaa au usingizi, na hapo tutajua pa kuanzia.