Ukistaafu, panga siku yako kabla hujapanga pesa

Nimefundisha shule za msingi miaka 33, nikastaafu nilipofika 60 kama sheria inavyotaka, na nyumbani kwangu ni Likoni, Mombasa. Kuna walimu wenzangu wanatoka mwaka huu na kila tukikutana swali ni lile lile, maalim ile pesa ya mkupuo niifanyie nini, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa wapi, na mimi hapo ndipo nilipoumia.

Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na nusu vile vile, nikaswali, nikavaa shati la kazi nikakaa, mpaka mama watoto akaniuliza unamngoja nani? Nikatoka. Nikaenda kijiweni kwa muuza kahawa, na kahawa yenyewe ni bei ya chini sana, shida ni kwamba wewe ni mwalimu umestaafu juzi na mtaa mzima unaamini umelipwa, kwa hivyo unawanunulia watu sita kahawa na kashata, ukichoka kukaa unapanda tuktuk mpaka feri, unavuka mjini huna shughuli yoyote, mchana unakula huko huko, na jioni huwezi kurudi mikono mitupu basi unabeba mkate wa mayai. Wiki ya tatu nikachukua daftari nikaandika kila shilingi kwa siku kumi. Chakula cha nyumbani hakikuwa kimepanda. Pesa ilikuwa inaishia kwenye yale masaa ya kati ya saa mbili na saa kumi, ambayo zamani nilikuwa darasani na hayakunigharimu kitu.

Ndo nikaanza kuyapa kazi masaa. Asubuhi navuka feri kwa miguu, mtembea kwa miguu halipi, nikishuka kisiwani napinda kulia nafuata barabara ya Mama Ngina kando ya bahari, pale palipotengenezwa upya 2019, natembea chini ya ile mibuyu huku meli zinaingia bandari ya Kilindini, narudi nyumbani nimetoa jasho na mfuko uko vile vile. Jumatano ni sokoni Marikiti. Zamani tulinunua kila kitu kwa kibanda cha karibu kwa sababu sikuwa na wakati, sasa wakati ninao, nazi na viungo nanunua vya wiki nzima. Na kila jioni mimi ndiye nakuna nazi ya mbaazi, mama watoto anauza mahamri na mbaazi asubuhi pale mlangoni. Mara ya kwanza nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nikakuna kwa nguvu mpaka nikafika kwenye kifuu, nazi ikatoka na weusi, akanionyesha niizungushe nazi polepole nianzie pembeni. Miaka yote hiyo tumeoana na sikujua mkono wake unauma kwa hiyo kazi.

Sasa nije kwa pesa yenyewe, wenzangu nisikizeni. Kwa sisi wa mpango wa zamani wa pensheni ya serikali, wa kabla ya 2021, hesabu ya pensheni ni mshahara wa msingi peke yake, marupurupu ya nyumba na mengine hayamo, unazidisha kwa miezi uliyofanya kazi unagawanya kwa 480, halafu ukiibadilisha robo yake iwe ile pesa ya mkupuo, ya kila mwezi inabaki robo tatu. Ifanyeni hiyo hesabu leo, msingoje barua. Na haiji siku unayotoka, mimi nilikaa miezi saba, nikitumwa karatasi moja baada ya nyingine, kwa hivyo weka kando chakula cha nusu mwaka na utoe kopi za barua yako ya kwanza ya kuajiriwa, payslip za mwisho na kitambulisho. Mkopo wa sacco pia, makato yanasimama mshahara ukisimama lakini deni linabaki, na kama umewadhamini wenzako akiba yako haitoki mpaka wamalize mkopo au apatikane wa kukubadilisha. Mimi nilikuwa nimedhamini watatu! Anza kuwatafuta mwaka mzima kabla. Na SHA, bima ya afya ya serikali, ile 2.75% ya kwenye mshahara haikatwi tena, kipato chako kinapimwa upya kama mtu asiye na mshahara na hailipwi chini ya 300 kwa mwezi, ifuatilie mapema, usingoje presha ipande ndo ukimbilie simu.

Lakini jambo lililonichelewesha kuliko yote ni aibu. Sikuwaambia watoto. Wakipiga simu, baba tuma kidogo, natuma, na nisipokuwa nacho nakata simu haraka. Jumapili moja baada ya chakula nikawakalisha nikaweka mezani payslip ya mwisho na karatasi ya pensheni, nikanyamaza wasome wenyewe. Kifungua mimba wangu akasoma mara mbili. Yule mdogo akasema, baba, mimi nilidhani umeninunia, simu zangu hukai nazo hata dakika. Nikashindwa kumjibu. Siku hizi tokeni za stima ananunua yeye, na akipiga tunaongea mpaka mama yake anauliza hiyo nazi itakunwa saa ngapi.