Biashara ya dagaa ukiwa peke yako: panga kazi kwa kufuata mwezi

Mfanyabiashara mdogo wa dagaa, awe Mwaloni Kirumba au Igombe jijini Mwanza, au kwenye mialo ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, anabeba kazi nne: kununua, kuanika, kuuza na kushika daftari. Nyumbani inamsubiri ya tano, watoto na jiko. Bidii wanayo karibu wote. Kinachowaangusha ni kutaka kuzifanya kazi zote kila siku. Alfajiri mitumbwi inaingia na unatakiwa ukague mzigo, na muda huohuo mteja wa Shinyanga anapiga simu anataka bei. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi kinachoponyoka ni ubora wa dagaa.

Bahati nzuri biashara hii ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa unamezwa, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia duara siku za mwezi mpevu, kisha gawa kazi zako humo. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, kwa hiyo tarehe husogea. Zungushia upya kila mwezi.

Siku za giza wewe ni mnunuzi na mwanikaji, basi. Simu za wateja zijibu saa 7 mchana, na wakishazoea hawatakusumbua alfajiri. Daftari liandikie namba tatu tu kwa siku: ndoo ulizonunua, bei ya ndoo, na kilo zilizokauka. Mahesabu mengine yasubiri.

Kununua usimwachie mtu. Ingiza mkono mpaka chini ya ndoo, maana juu huwekwa wazuri. Dagaa mpya anang'aa kama bati na tumbo halijapasuka. Aliyeanza kulegea na kupasuka tumbo ataanikwa ndiyo, lakini atakauka akiwa vipande na rangi ya kahawia, na mnunuzi wa jumla atakukata bei. Angalia pia ndoo yenyewe: iliyopashwa moto ikatanuliwa, au iliyobonyea, inabadilisha hesabu yako yote.

Kazi ya kwanza kumwajiria mtu ni kuanika na kugeuza dagaa. Mfundishe mambo manne. Amwage tabaka moja tu kwenye kichanja, yaani meza ya wavu ya kuanikia, asirundike. Ageuze kila baada ya saa mbili hivi jua likiwa kali. Apime kwa kuvunja: dagaa aliyekauka analia "ta!", anayepinda bado ana maji. Na asifunge gunia dagaa wakiwa bado na joto la jua. Wapoe kwanza kivulini, kwa sababu wakifungwa na joto gunia linatoa jasho kwa ndani, na baada ya siku chache ukilifungua unakutana na ukungu.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, nunua nusu ya uwezo wa vichanja vyako. Turubai lipo, sawa, lakini dagaa mbichi wakifunikwa muda mrefu wanapata joto na kuvunda humohumo. Wakishavunda wanakwenda kwenye chakula cha kuku.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa bei za mfano. Ndoo 10 kwa shilingi 14,000 ni 140,000. Vibarua 10,000. Usafiri na ushuru 15,000. Posho yako 15,000. Jumla 180,000. Ukipata kilo 45 kavu, kilo moja imekugharimu 4,000. Sasa mvua inyeshe, kilo 15 ziende kwa wafuga kuku kwa 1,500: umerudisha 22,500, na kilo 30 zilizobaki zinabeba 157,500, yaani 5,250 kila moja. Asiyeiandika posho yake huona faida ambayo haipo, halafu anaila kwenye unga na ada za shule huku mtaji ukipungua kimyakimya. Kwa hiyo laini ya simu ya biashara iwe yake peke yake, na posho ihamishwe kwenda laini yako ya nyumbani siku moja kwa wiki, kiasi kilekile.

Mbalamwezi ikifika, geuka kuwa muuzaji na mhasibu. Siku mbili za kwanza funga hesabu za giza zima. Zinazofuata zunguka kwa wateja; kwa wa ng'ambo ya Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko, hivyo unaweza kwenda na kurudi mapema. Siku za leseni na kodi ziwekwe hapa pia. Kisha dai madeni, na muda mzuri ni siku mbili tatu kabla giza halijarudi: maghala ya wateja yamepungua, kila mmoja anataka awe wa kwanza kupata mzigo mpya. Kila mdaiwa awe na ukurasa wake, na asiyepunguza deni la nyuma asiongezewe gunia.

Jioni ya mwisho ya mapumziko pita kwenye vichanja ukivuta wavu kwa mkono. Palipolegea pananing'inia, dagaa hujikusanya hapo wakawa rundo, na rundo halikauki. Kaza kamba kabla mitumbwi haijatoka.